Mgongo, Mguu na Mfuko: Hesabu ya Kupiga Kabla ya Kukubali Kupasuliwa

Karatasi ya rufaa ikishaandikwa pale Kibondo, mkoani Kigoma, familia huanza kuhesabu ng'ombe. Baada ya ng'ombe huhesabiwa mahindi yaliyoko ghalani, kisha shamba la bondeni, kisha ndugu aliyeko Dar es Salaam ambaye huenda ana kona ya kumlaza mgonjwa na mwangalizi wake. Hesabu hiyo ni ya lazima na hakuna wa kuicheka. Tatizo ni kwamba mara nyingi hupigwa kabla ya swali linalopaswa kuitangulia: operesheni hii inakwenda kutibu nini hasa? Watu hulinganisha hospitali za Bugando na Muhimbili, hubishana basi na treni, huulizana nani atabaki na watoto, na bado hakuna aliyemuuliza mgonjwa kama kinachomtesa zaidi ni mgongo au ni mguu.

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama pesa ya ng'ombe itarudi ikiwa nafuu au itapotea.

Uti wa mgongo ni pingili zilizopangana, na katikati ya kila pingili na mwenzake kuna diski, kitu laini kinachopokea mshindo. Nyuma ya pingili hizo kuna njia inayopitisha mishipa ya fahamu. Umri ukienda, na kazi ya kuinama ikiwa ndiyo maisha yenyewe kama ilivyo kwa mkulima wa maharage wa Kasulu, diski hukauka na kupungua unene, kingo za mifupa huota vinundu, na nyuzi zinazoshikilia pingili hunenepa. Huko ndiko kunakoitwa kusagika kwa pingili. Neno hilo linatisha, na wengi wakilisikia kwa daktari huondoka wakiamini kuwa mifupa yao imekuwa unga. Kusagika peke yake hakumpeleki mtu kwenye kisu. Kinachoweza kumpeleka ni mshipa wa fahamu uliobanwa, na mshipa uliobanwa kiunoni hulia mguuni.

Mshipa huo hulia kwa namna mbili zinazojulikana. Ya kwanza ni maumivu makali kama ya umeme yanayoshuka kutoka kiunoni, yakapita takoni na nyuma ya paja hadi unyayoni au kwenye dole gumba, mara nyingi upande mmoja. Hiyo ni diski iliyochomoza na kugusa mshipa. Ya pili huwapata zaidi waliovuka miaka 55 au 60. Mtu anatoka nyumbani vizuri, akitembea mwendo fulani miguu inakuwa mizito na kufa ganzi, anaketi kwenye jiwe kidogo, inaachia, anaendelea. Katika milima ya Buha, huku kwetu Kigoma, ugonjwa huu una alama yake: mgonjwa hupanda kilima kwa urahisi kuliko anavyokiteremka, na akisukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi hutembea mbali kuliko akiwa mikono mitupu, kwa sababu kuinama mbele hupanua njia ya mishipa. Hapo njia yenyewe imesinyaa.

Kwa hali hizi mbili operesheni ina kazi ya wazi: kuondoa kinachobana. Daktari hutoa kipande cha diski, au hukata sehemu ya mfupa na nyuzi zilizonenepa, mshipa upumue. Lakini kwa mtu ambaye mguu wake uko salama na kinachomsumbua ni kiuno kinachokaza asubuhi na kuuma jioni baada ya jembe, upasuaji una kidogo sana cha kumpa. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa Uingereza wa wagonjwa 349 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilifanyiwa operesheni ya kuunganisha pingili, jingine likapewa programu nzito ya mazoezi na ushauri. Baada ya miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana ya kuhalalisha gharama na hatari za kisu. Kama wewe ni mtu wa kiuno tu, nakushauri bila kusita: usiuze kitu.

Kuna mtego mwingine, nao ni picha. Mgonjwa amejikongoja hadi kwenye kipimo cha MRI, amelipa, na karatasi imerudi na maneno marefu: diski imevimba pale, imepungua hapa, kuna vinundu. Anaona ushahidi umepatikana. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizochakaa. Kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Diski zilizovimba zilionekana kwa asilimia 30 ya vijana hao na asilimia 84 ya wazee hao. Wote hawa hawakuwa wakiumwa mgongo. Picha ina maana pale tu inapokubaliana na mguu: kama ganzi iko kwenye dole gumba la kulia, picha ioneshe mshipa wa kulia unaokwenda kwenye dole gumba hilo. Visipokubaliana, mwamini mgonjwa kabla ya filamu. Ndiyo maana naona ni hasara kulipia MRI kabla daktari hajakuvua viatu, hajakugonga goti kwa kinyundo na hajakuinua mguu ukiwa umelala chali. Uchunguzi huo wa mikono unaweza kufanyika Kasulu na Kibondo kwa gharama ya kumwona daktari tu.

Bei ya kusubiri

Tuseme basi ni mguu kweli. Diski imechomoza, na usiku haulaliki. Je, kisu sasa au baadaye?

Hapa kuna habari njema ambayo wengi hawaambiwi. Diski iliyochomoza mara nyingi hunyauka yenyewe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulionesha kuwa takribani theluthi mbili ya diski za namna hiyo hupungua au hutoweka bila operesheni. Na Waholanzi walifanya jaribio ambalo kila mwenye maumivu haya angefaa kulijua. Wagonjwa 283, wote wakiwa wameugua kwa wiki 6 hadi 12, waligawanywa kwa bahati nasibu: nusu wapasuliwe mapema, nusu watibiwe kwa dawa na subira, wakipasuliwa tu kama watashindwa. Matokeo yalitoka mwaka 2007. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi. Lakini mwaka ulipoisha, asilimia 95 ya kila kundi walikuwa wamepona, na katika kundi la kusubiri ni asilimia 39 tu waliolazimika kupasuliwa.

Kwa hiyo kwa diski, mara nyingi unachokinunua kwa kisu ni muda. Miezi kadhaa ya maumivu inafutwa, na mwisho wa safari unakuwa karibu uleule. Muda una bei tofauti kwa kila mtu. Mwalimu wa sekondari Kasulu mwenye bima ya NHIF na mshahara unaoingia hata akiwa kitandani anaweza kusubiri bila njaa kuingia ndani. Kwa mama anayelea wajukuu peke yake na kulima kwa mkono, kila wiki ya kulala ni gunia lisilovunwa. Huenda yeye ndiye mwenye sababu nzuri zaidi ya kupasuliwa mapema, na yeye ndiye asiye na uwezo. Jambo hili linanikera, na sioni namna ya kulisema kwa upole.

Kwa njia iliyosinyaa mambo ni tofauti kidogo, kwa kuwa mfupa haunyauki. Hata hivyo ugonjwa haukimbii: wengi hukaa miaka hali ikiwa ileile, wengine wakapata nafuu kidogo, wengine wakazidiwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPORT, uliofanyika katika vituo 13 na kuanza kutoa matokeo mwaka 2006, ulionesha kuwa waliopasuliwa kwa tatizo hili walipata nafuu kubwa kuliko wasiopasuliwa ndani ya miaka miwili na hata minne, ingawa pengo lilipungua miaka iliposonga. Nao haukuona madhara makubwa kwa waliochagua kungoja. Mtu mwenye njia iliyosinyaa ana haki ya kuchukua mwaka mzima kuamua, mradi nguvu za miguu hazipungui.

Mradi nguvu hazipungui. Narudia kwa sababu hapa ndipo subira inapogeuka kuwa hatari. Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila habari, choo kikikuponyoka, ganzi ikishika sehemu za siri na kuzunguka makalio, au miguu yote miwili ikianza kulegea kwa siku chache, acha kulinganisha bei. Hiyo ni dharura, na madaktari hutaka mshipa uachiwe ndani ya saa 48 kadiri inavyowezekana. Kutoka Kibondo saa hizo huisha upesi mno. Usianzie zahanati, usingoje Jumatatu, usingoje kikao cha ukoo. Nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya, sema maneno hayo yote mapokezini, na udai rufaa ya dharura. Unyayo unaoanza kuburuza na kujikwaa kwenye kila jiwe nao ni wa haraka, ingawa si wa saa hiyohiyo.

Shingo nayo ina sheria yake. Wanawake wa nyanda hizi hubeba dumu la maji, kuni na vikapu kichwani tangu utotoni, na kuna utafiti uliokuta kuchakaa kwa pingili za shingo kukiwa kwingi zaidi kwa wabebaji wa mizigo kichwani. Shingo ikibana uti wenyewe wa mgongo, maumivu yanaweza kuwa madogo kabisa. Dalili huwa mikononi na katika mwendo: vifungo vya blauzi vinashinda vidole, kuchambua maharage kunakuwa kazi, mtu anayumba kama amekunywa. Hapa kusubiri hakulipi, kwa sababu lengo la operesheni ni kuzuia hali isizidi, na kilichokwisha kupotea hakirudi chote. Kama kuna mgonjwa ambaye ningemwambia auze ng'ombe na aondoke wiki hii, ni huyu.

Wapo pia wanaojidhania wamesagika kumbe ni kitu kingine kabisa. Kifua kikuu hushambulia pingili, na Tanzania ina wagonjwa wengi. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda au nundu inayochomoza katikati ya mgongo upimwe TB kwanza. Dawa zake hutolewa bure na wengi hupona bila kisu. Kunywa maziwa mabichi kunaweza kuleta brusela, nayo hukaa kiunoni. Mzee mwenye maumivu yasiyotulia hata akilala, hasa kama mkojo unamsumbua, apimwe tezi dume. Hakuna hasara kubwa kuliko kusafirisha mtu hadi Dar es Salaam kwa ajili ya diski, kisha ukaambiwa angetibiwa kwa vidonge hospitali ya Kabanga au Kasulu mjini.

Hesabu ya safari

Sasa tulinganishe gharama. Bei ya operesheni yenyewe utaipata dirishani, kwa maandishi, baada ya daktari kusema ataifanya ipi. Usikubali bei ya kusikia kwa jirani, kwa maana yeye alipasuliwa kitu kingine. Ninachoweza kukufunulia ni vipande vinavyoijenga, maana ndivyo vinavyowashtua watu.

Kipande cha kwanza ni bima. CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii), ile ambayo mchango wake umekuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka, ni msaada mkubwa kwenye zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya na hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Kigoma ni Maweni. Inaishia hapo. Upasuaji wa mgongo uko juu ya ngazi hiyo: Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996. Familia nyingi hugundua hilo zikiwa tayari zimefika Mwanza. Tumia basi CHF kwa kila kinachoweza kufanyika chini: vipimo vya damu, TB, eksrei, dawa, mazoezi tiba. Mwenye NHIF ana njia pana zaidi, ila aulize mapema kama kifurushi chake kinabeba vyuma vya mgongo na kipimo cha MRI, na ahakikishe rufaa imepita ngazi zote. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Utekelezaji wake ukifika kijijini kwako, swali la kuuliza ni hilohilo la vyuma na ngazi ya rufaa. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza aanze na ofisi ya ustawi wa jamii akiwa bado nyumbani, abebe barua ya kijiji na ya halmashauri. Kuanza kutafuta msamaha ukiwa umelazwa ni kuchelewa. Kwa mkimbizi aliyeko kambini mkoani hapa mlango ni mwingine: rufaa hupitia hospitali ya kambi, na kibali cha kutoka kambini ni sehemu ya safari, hivyo dalili za dharura zitajwe siku ya kwanza.

Kipande cha pili ni barabara. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ilipotangaza nauli Desemba 2023, basi la daraja la kawaida la masafa marefu liliwekwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria. Safari ya kilomita 400, ambayo ni makadirio ya kufaa kwa mtu wa Kibondo anayekwenda Mwanza, inakuwa shilingi 19,388. Mgonjwa hasafiri peke yake, na hana budi kurudi, kwa hiyo zidisha mara nne: 77,552. Kwa Dar es Salaam kadiria kilomita 1,200 kwa uchache: 58,164 kwa mtu mmoja, na 232,656 kwa wawili kwenda na kurudi. Hizo ni za safari moja. Upasuaji wa mgongo ni safari tatu angalau ukihesabu marudio ya wiki ya sita na ya mwezi wa tatu, bila kuhesabu ile ya mwanzo ambayo unaonwa kisha unapangiwa tarehe ya mbali. Safari tatu za Mwanza ndizo nauli ya safari moja ya Dar es Salaam. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, kile kivuko kilichokuwa kikimsimamisha mgonjwa juani kimekwisha.

Kwa sababu hiyo, kwa operesheni ya kawaida ya kutoa diski au kupanua njia ya mishipa, naona mtu wa Kibondo na Kakonko aifikirie Mwanza kwanza. MOI ina wingi wa wagonjwa, na kwa miaka mingi imeshirikiana na madaktari wa mgongo wa Weill Cornell wa New York katika mafunzo. Kwa shingo inayobana uti, kwa mgongo uliopinda, kwa aliyepasuliwa akashindwa, uzoefu huo una thamani ya nauli. Mwenye uwezo wa kwenda India ajue kuwa kwa diski moja anakwenda kununua operesheni ileile, na kidonda kikitoa usaha wiki ya tatu daktari wake atakuwa ng'ambo ya bahari.

Kipande cha tatu ndicho kikubwa kwenye risiti na ndicho kinachojadiliwa kidogo: vyuma. Kupanua njia ya mishipa peke yake hakuhitaji kitu cha kuacha mwilini. Kuunganisha pingili mbili kwa kawaida huhitaji skrubu nne na fito mbili, na pingili tatu huhitaji skrubu sita. Vyote hivi huagizwa nje, na mara nyingi bei yake humeza bei ya mikono ya daktari. Je, vinahitajika? Utafiti wa Sweden wa wagonjwa 247 wenye njia iliyosinyaa, uliochapishwa mwaka 2016, ulilinganisha kupanua tu na kupanua pamoja na kuunganisha. Nafuu ilikuwa sawa baada ya miaka miwili na hata mitano. Kuunganisha kuliongeza gharama ya hospitali kwa takribani dola 6,800 kwa kila mgonjwa. Norway nao mwaka 2021, kwa wagonjwa 267 ambao pingili moja ilikuwa imeteleza juu ya nyingine, waliona kupanua tu hakukuwa duni. Mgongo uliovunjika, uliopinda sana au unaoyumba kweli unahitaji vyuma, na hapo usibishane. Lakini kwa wengine, swali hili moja linaweza kubakiza ng'ombe zizini: "Daktari, shikamoo. Kwangu mimi vyuma vinaongeza nini ambacho kupanua tu hakutanipa?" Daktari mzuri hatakasirika. Ataonesha kwenye picha.

Kipande cha mwisho hakimo kwenye risiti yoyote. Baada ya operesheni, mtu hukaa wiki 6 hadi 12 bila kuinua kitu kizito wala kuinamia jembe. Bodaboda kwenye barabara ya kokoto ni marufuku wiki za mwanzo. Choo cha kuchuchumaa ni mateso, kwa hiyo fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu kabla mgonjwa hajarudi. Mtu wa kuchota maji, kibarua wa kupalilia, chakula cha mwangalizi hospitalini: jumlisha vyote. Kwa mkulima naamini hiki ndicho kipande kizito kuliko vyote, na tarehe ya operesheni inaweza kukipunguza nusu. Kwetu mvua hushika Oktoba au Novemba na kuachia Mei. Anayepasuliwa Juni, maharage yakiwa yameingia ndani na buni ikiwa sokoni, hupumzika kiangazi chote bila kumkosesha mtu chakula, na mvua zikirudi anaweza kushika jembe. Anayepasuliwa Novemba amepoteza msimu mzima. Kama hali yako si ya dharura, omba kiangazi.

Vitu vinavyouzwa katikati

Kati ya kuvumilia na kupasuliwa kuna soko kubwa. Kuna vidonge vya kuyeyusha diski vinavyotangazwa redioni, virutubisho vinavyouzwa kwa mtandao wa marafiki, mikanda ya mgongo inayoning'inia mnadani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023, lilisema wazi kuwa mikanda na kuvutwa mgongo visitumike kama tiba ya kawaida, likapendekeza elimu, mazoezi na dawa za kutuliza kama diklofenaki kwa uangalifu. Hakuna kidonge kinachojulikana kuyeyusha diski. Pesa ya kopo moja la virutubisho hivyo inatosha kununua mpini mrefu wa jembe na madumu mawili ya lita 10 badala ya moja la lita 20, na hivyo viwili vitakusaidia zaidi.

Sindano ya steroidi mgongoni hutuliza mguu kwa wiki kadhaa kwa wengine, lakini kwa njia iliyosinyaa jaribio la wagonjwa 400 la mwaka 2014 lilionesha haikuongeza chochote cha maana juu ya dawa ya ganzi peke yake. Sindano za diklo za kila wiki ni hatari kwa tumbo, figo na presha, hasa kwa mzee. Mchuaji wa kijijini anaweza kulegeza misuli na sina ugomvi naye. Asivute shingo, na asimguse mwenye homa au nundu.

Kinachobaki ni mazoezi tiba, na hapa ndipo tunapoonewa. Wataalamu wa viungo ni wachache mno ngazi ya wilaya. Kigoma ilishawahi kuonesha kuwa huduma nzito inaweza kusogezwa: tangu mwaka 2006, kwa mradi uliofadhiliwa na Bloomberg, upasuaji wa uzazi ulishushwa hadi vituo vya afya vya mkoa huu. Kama kisu kiliweza kufika kituo cha afya, mtaalamu wa mazoezi anaweza kufika Kibondo akakaa. Madiwani waulizwe hilo. Hadi atakapofika, kutembea kila siku hadi mguu unapoanza kulalamika, kupumzika, kuendelea tena, na mazoezi ya kukaza tumbo na makalio aliyokufundisha mtaalamu hata mara moja pale Maweni, kwa wiki 12 mfululizo, ni jaribio la haki kabla ya kisu.

Na ile hofu ya kwamba ukipasuliwa mgongo utapooza? Uti wenyewe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Diski nyingi zinazopasuliwa ziko chini ya hapo, palipo na mishipa peke yake, na kupooza huko ni nadra. Hatari za kawaida ni nyingine: kidonda kuoza, damu kuganda mguuni, utando wa mishipa kuchanika, jambo lililotokea kwa asilimia 9 ya waliopanuliwa njia katika SPORT na kwa kawaida hushonwa hapohapo. Na kurudia: kati ya waliotolewa diski katika utafiti huo, kama 15 kwa kila 100 walipasuliwa tena ndani ya miaka 8. Muulize daktari amefanya operesheni ngapi kama yako na wangapi walirudi. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla, mwenye sukari aishushe kwanza. Hayo mawili hupunguza hatari ya kidonda kuliko dua.

Siku ya kuruhusiwa usitoke na karatasi ya dawa tu. Omba muhtasari wa operesheni unaotaja pingili zilizoguswa na vyuma vilivyowekwa, omba picha za MRI ziwe zako, na omba barua kwa hospitali ya wilaya yako ili nyuzi zitolewe Kasulu au Kibondo kati ya siku ya 10 na ya 14. Muulize daktari pia kama marudio ya wiki ya sita yanaweza kufanywa Maweni na majibu yatumwe kwa simu. Akikubali, umeokoa safari nzima ya watu wawili.